Khabari Inayookoa na Khabari Inayoua

Nyantakara iko katika nchi ya Biharamulo, mkoani Kagera. Msafiri aliyepita barabara za huko miaka iliyopita hawezi kusahau jinsi mabasi yalivyokuwa yakingojeana, kisha yakaondoka pamoja yakisindikizwa na askari wenye bunduki, kwa hofu ya majambazi waliojificha porini. Mwezi wa Aprili mwaka 1994, kwa muda wa siku moja tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara wakikimbia mauaji ya Rwanda. Vita vya nchi jirani viliacha silaha mikononi mwa watu wabaya, na tangu hapo neno usalama likitajwa katika nchi ile, wengi huona mara moja msitu, barabara na bunduki.

Hatusemi kuwa wamekosea. Lakini mwezi huu twapenda kuwaonyesha wasomaji wetu hatari nyingine, ambayo haingoji porini bali huingia hata ndani ya ua.

Hatari hiyo humkabili mzee anayekaa peke yake. Watoto wake wamekwenda Mwanza, au kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, au Dar es Salaam. Mumewe amekwisha kufariki. Macho yamepungua nguvu, miguu hairuhusu safari ndefu, na kusoma hakujifunza. Majirani zake wengi si watu wa ukoo wake: pana Wasubi na Wahangaza, ambao ndio wenyeji wa nchi hiyo, na pana Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, na wengine waliofuata mashamba. Watu wasiojuana asili zao huweza kukaa pamoja kwa wema, na wengi hukaa hivyo. Lakini siku ya msiba dhana huingia upesi. Basi mzee huyu ana haja mbili kubwa: khabari ya kweli imfikie, na khabari ya uwongo isimfikie. Makala haya ni juu ya khabari hizo mbili.

KHABARI INAYOUA

Twaanza na ile inayoua. Mtoto anaugua homa jioni, na alfajiri ameaga dunia. Ng'ombe watatu wanakufa katika juma moja. Wenye msiba wanataka kujua sababu, na hilo si kosa, maana kila mwanadamu hutaka kujua. Kosa liko pale wanapokwenda kuuliza. Mpiga ramli hasemi malaria, wala hasemi kichomi, kwa kuwa hana kipimo cha mambo hayo. Yeye hutoa dalili tu: ni mwanamke, ni mzee, anakaa upande wa machweo, macho yake ni mekundu. Hataji jina, wala hana haja ya kulitaja, kwani wasikilizaji wake watamaliza hesabu wenyewe. Usiku watu huja na mapanga.

Haya si mambo ya kubuni. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliripoti kwamba katika mwaka 2013 watu 765 waliuawa nchini Tanzania kwa sababu ya imani za uchawi, na kati yao 505 walikuwa wanawake. Mikoa ya Kanda ya Ziwa ndiyo iliyoumia zaidi. Kila mmoja wa hao alikuwa mama wa mtu, au shangazi wa mtu, na wengi waliuawa na watu waliokuwa wakiamkiana nao kila siku.

Nayo macho mekundu yana sababu zake. Mwanamke aliyepika kwa kuni miaka 50 katika nyumba isiyo na dirisha hawezi kuwa na macho meupe kama ya binti. Tena kuna ugonjwa wa trakoma, ambao hugeuza kope ndani zikawa zikilikwaruza jicho kila linapofumba, hata likawa jekundu na mwisho likapofuka. Kuna pia ugonjwa wa kusahau unaowapata baadhi ya watu uzeeni. Mgonjwa huyo hutoka usiku akidhani ni mchana, hupotea njia katika kijiji alichokaa maisha yake yote, akakutwa nje ya nyumba ya mtu asiweze kueleza amefuata nini. Watu husema amekamatwa akiwanga. Kumbe ni mgonjwa aliyehitaji kushikwa mkono na kurudishwa kwake.

Na mara nyingine nyuma ya ramli pana shamba. Mjane akiondoka, migomba itabaki na nani? Yatupasa tuliulize swali hilo kila tunaposikia kwamba mzee fulani amekuwa mchawi baada ya mumewe kufariki.

Serikali haikunyamaza. Sheria ya Uchawi imekuwapo tangu mwaka 1928, na kwa sheria hiyo kumtangaza mwenzako kuwa ni mchawi ni kosa la kushtakiwa. Mwezi wa Januari mwaka 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi, na Januari mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Hata hivyo ramli haikwisha. Mlango wa mpiga ramli ukifungwa, na swali la mfiwa likaachwa bila jibu, ataupata mlango mwingine. Mahali ambapo khabari ya kweli haifiki, ramli hufika.

Wala ulinzi wa nguvu peke yake hautoshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi waliunda sungusungu, na vikundi hivyo vikawapunguza sana wezi wa ng'ombe. Lakini baadhi yao waliwageukia pia wanawake wazee waliotuhumiwa uchawi, wakawatesa na kuwafukuza. Mkono ulikuwa na nguvu, na sikio lilikuwa limepokea uwongo.

Kwa Mwislamu jambo hili si geni. Katika Sura ya Al-Hujurat Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuichunguze khabari inayoletwa na mtu mpotovu, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukawa wenye kujuta. Na katika sura hiyohiyo ametukataza dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Naye Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli na kumwuliza jambo, Sala zake za siku 40 hazikubaliwi. Basi ajue Mwislamu anayekwenda huko kwa siri usiku, kisha asubuhi akasimama katika safu, kwamba amebeba mzigo gani.

SOMO LA MWAKA 2025

Tarehe 20 Januari mwaka 2025 ilitangazwa rasmi kuwa ugonjwa wa Marburg umeingia wilayani Biharamulo. Ni ugonjwa mkali wa homa, unaoambukizwa kwa kugusa damu na majimaji ya mgonjwa au ya maiti, na kwa hiyo huwapata kwanza wale wanaomwuguza mtu na wale wanaomwosha. Mpaka ulipotangazwa kwisha, tarehe 13 Machi, watu 10 walikuwa wamehesabiwa kufa: wawili waliothibitishwa kwa vipimo, na wanane waliodhaniwa kuwa nao kwa dalili zao.

Na wazingatie wasomaji wetu jinsi ugonjwa wa namna hii unavyokuja. Mtu mmoja anakufa katika nyumba, kisha anakufa aliyemwuguza, kisha ndugu aliyehudhuria mazishi. Mpiga ramli angeitwa, angesema nini? Bila shaka angeonyesha kidole kwenye nyumba ya mzee fulani. Damu isiyo na hatia ingemwagika, na ugonjwa ungeendelea kula watu. Kilichosaidia ni khabari ya kweli: vipimo, wahudumu wa afya, na kuwafuatilia wote waliomgusa mgonjwa ili waangaliwe kwa siku 21. Watu waliambiwa wafanye nini na wasifanye nini. Hapa twaona wazi kwamba khabari sahihi, ikipelekwa na mtu mwaminifu kwa lugha inayofahamika, ni ulinzi kama ulivyo ulinzi wa bunduki.

KHABARI INAYOOKOA

Sasa tuitazame ile inayookoa. Wengi hudhani kwamba mzee maskini hana pa kwenda. Sivyo. Pa kwenda papo, ila hapajulikani.

Tanzania Bara ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, na kwa sera hiyo mzee ni mtu aliyetimiza miaka 60. Mzee asiye na uwezo wa kulipa ana haki ya kutibiwa bila malipo katika hospitali, vituo vya afya na zahanati za serikali, naye hutambuliwa kwa kuorodheshwa kijijini kwake na kupewa kitambulisho. Katika hospitali nyingi limeandikwa tangazo la kutaka mzee apishwe ahudumiwe kwanza. Lakini tangazo halimsaidii asiyejua kusoma, na kitambulisho hakimfikii mtu ambaye jina lake halimo katika orodha.

Kila halmashauri ya wilaya ina Afisa Ustawi wa Jamii. Kazi yake ni kuwaangalia wasiojiweza: wazee, wenye ulemavu, na walioachwa bila mtu. Njia ya kumfikia huanzia karibu: mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji wa kijiji, kisha mtendaji wa kata. Yako pia mabaraza ya wazee yaliyoundwa kuanzia vijijini, ili wazee wasemewe na wazee wenzao. Mfuko wa TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000, husaidia kaya maskini kwa fedha, na kaya hizo hutajwa katika mkutano wa kijiji. Mzee asiyehudhuria mkutano, wala hana wa kumtaja, husahauliwa. Kwa mzee asiye na mtu kabisa, serikali ina makazi ya wazee katika mikoa kadhaa, na ya Kagera yako Kilima.

Kwa mambo ya shamba na mirathi, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeruhusu wasaidizi wa kisheria kuwasaidia bure watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Na kwa vitisho kuna polisi, ambao nambari yao ya dharura ni 112.

Huko Zanzibar serikali imekwenda mbele zaidi. Tangu Aprili mwaka 2016 kila mzee aliyetimiza miaka 70 hupewa pensheni ya kila mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au hakuwahi. Ilianza kwa shilingi 20,000 na baadaye ikaongezwa. Si fedha nyingi, lakini mzee anayepokea kitu kila mwezi hujulikana yuko wapi na hali yake ikoje. Asipokuja kuchukua chake, mtu ataulizia.

MAMA MMOJA WA KAGERA

Mkoa huohuo wa Kagera umelipatia taifa mfano mkubwa wa mzee aliyeifahamu haki yake. Mama Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Alipoona uzee umemzidi na hana wa kumtunza, aliliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani kudai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilimpa haki mdai. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikampa haki mama. Na mwaka 1990, katika Mahakama Kuu mjini Mwanza, Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo haiwezi kusimama mbele ya Katiba, ambayo tangu mwaka 1984 imekataza ubaguzi. Mwanamke akawa na haki ya kuuza sawa na mwanamume.

Hukumu hiyo inasomwa na wanasheria mpaka leo. Lakini sisi twaomba isomwe pia na watoto na wapwa. Mama huyu aliuza shamba kwa sababu hakuwa na wa kumtunza. Watu wa ukoo ambao hawakuonekana wakati wa njaa yake walionekana mara moja wakati wa kuuza. Je, kama wangelimtembelea kwa kikapu cha ndizi na kuni mzigo mmoja, kungelikuwa na kesi?

NANI APELEKE KHABARI?

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alitembea usiku mmoja nje ya Madina, akiwa na mtumishi wake Aslam, akaona moto kwa mbali. Alimkuta mwanamke na watoto wanaolia kwa njaa, na juu ya moto pana chungu chenye maji tu, ili watoto wadhani kuna chakula mpaka usingizi uwachukue. Mwanamke, asijue anayesema naye, akamlalamikia Umar. Sayyidna Umar akauliza, Umar angewezaje kujua khabari zenu? Mwanamke akajibu kwamba hawezi mtu kushika mambo ya watu kisha asiwe na khabari nao. Sayyidna Umar hakujitetea. Alirudi haraka mpaka ghala ya chakula, akachukua unga na mafuta, akakataa kubebewa, akaupeleka mzigo kwa mgongo wake mwenyewe.

Imepokewa pia kwamba alimkuta mzee wa Kiyahudi, kipofu, akiomba mlangoni kwa watu, akaamuru asamehewe kodi na apewe riziki kutoka katika Baitul-Mali. Dini yake haikumzuia kumsaidia. Aliutazama uzee wake na haja yake.

Katika visa hivi twajifunza kwamba kutojua si udhuru kwa mtu ambaye angeweza kujua. Nasi tunaoswali pamoja mara tano kwa siku, tunaopita mbele ya nyumba ya yule bibi asubuhi na jioni, udhuru wetu ni upi?

Basi twashauri mambo machache, ambayo kila jamaa ya Waislamu, iwe ya Nyantakara au ya mahali pengine, yaweza kuyaanza bila kungoja fedha.

Kwanza, liwepo daftari. Kijana mmoja na binti mmoja wenye hati nzuri wapite nyumba kwa nyumba wakiandika wazee wote wa mtaa, Waislamu na wasio Waislamu: anakaa na nani, anaumwa nini, ana kitambulisho cha matibabu au hana, na mtoto wake aliye mbali anapatikana kwa simu gani. Daftari likae kwa mtu mwaminifu, wala lisisomwe barazani, kwa kuwa siri ya mzee ni amana.

Pili, vijana wafahamu njia. Mtendaji wa kijiji anakaa wapi, Afisa Ustawi wa Jamii huja lini, mkutano wa kijiji ni siku gani. Kisha wasimwambie mzee aende, bali waende naye. Mzee aliyerudishwa mara moja kwa kukosa karatasi hatarudi tena peke yake.

Tatu, dalili za hatari zichukuliwe kwa uzito. Watoto wakikatazwa kwenda kwa bibi fulani, mazao yake yakifyekwa usiku, mawe yakirushwa juu ya bati lake, au ikitupwa barua ya vitisho, hapo si pa kungoja. Apelekewe khabari mwenyekiti, ipelekwe polisi, na usiku huo mzee asilale peke yake. Wengi waliouawa walikwisha kutishwa kabla, na majirani walijua.

Nne, unapotokea msiba wa ghafula, mwalimu wa madrasa na wazee wa msikiti wawe wa kwanza kufika kwa mfiwa, wakamfariji na kumshauri aulize sababu kwa mganga wa zahanati. Mwenye uchungu huenda kwa yule aliyemjia mapema.

Tano, kila mmoja wetu aanze na wazazi wake. Katika Sura ya Bani Israil amri ya kuwatendea wazazi wema imewekwa mara tu baada ya amri ya kumwabudu Mungu peke yake, na wanapofikia uzee tumekatazwa hata neno dogo la kuguna mbele yao. Kijana aliye mjini asidhani kuwa fedha ya simu kila mwezi imemaliza wajibu. Ampigie pia jirani wa mama yake, amwulize: umemwona leo?

Swali hilo ni fupi, na kuliuliza hakuhitaji sheria mpya wala ofisi mpya. Lakini mzee ambaye kila siku kuna mtu wa kuuliza kama ameonekana, ni vigumu akose dawa asijue mtu, na ni vigumu zaidi watu wa mapanga wamkute peke yake.

Mwenyezi Mungu awalinde wazee wetu, na atujaalie sisi tuwe miongoni mwa sababu za ulinzi huo. Amin.